Mjadala: Je, mtemi wa Liechtenstein abaki na haki ya kuiangusha serikali?

MLETA MADA

Wakuu, kila tukizungumzia tawala za kifalme za Ulaya hakosekani wa kusema kwamba wafalme wa siku hizi ni pambo tu, kazi yao kukata utepe na kupunga mkono. Kwa Sweden au Uholanzi kauli hiyo ina ukweli mwingi. Kwa Liechtenstein haina. Mtemi wa nchi ile anaweza kutamka kwamba hana tena imani na serikali, na kuanzia hapo serikali haina mamlaka ya kufanya kazi. Haulizwi sababu, wala halazimiki kwenda bungeni kwanza. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: haki hiyo iondolewe, au ifungwe na kura ya wananchi. Naomba tujadiliane kwa hoja.

Kwa wasioifahamu, ni nchi ya kilomita za mraba 160, watu wapatao 40,000, iliyobanwa kati ya Uswisi na Austria. Ina manispaa 11, Bunge la wabunge 25 na serikali ya watu watano tu, yaani mkuu wa serikali na mawaziri wanne. Bunge linapendekeza majina, mtemi anateua. Tangu katiba ya Oktoba 1921 wamepita wakuu wa serikali 15, ukiacha waliokaimu, kuanzia Josef Ospelt hadi Brigitte Haas aliyeapishwa Aprili 2025, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. (Wanawake wa huko walipata haki ya kupiga kura za kitaifa mwaka 1984 tu, na waliowapa ni wanaume, kwa kura iliyopita kwa tofauti ndogo.)

Kabla ya 1921 mkuu wa shughuli za serikali alikuwa mtu wa mtemi, mara nyingi afisa kutoka Austria. Mmoja wao, Leopold von Imhof, aliondolewa Novemba 1918 kwa shinikizo la wanasiasa wazalendo waliotaka nchi iongozwe na wenyewe. Katiba ya 1921 ilitokana na vuguvugu hilo. Ilisema mkuu wa serikali awe mzawa, na ilimweka kati ya wawili: mtemi upande mmoja, Bunge upande wa pili. Kumteua kulihitaji wote wawili.

Sasa tazameni ibara ya 80 ilivyo tangu marekebisho ya 2003. Serikali ikipoteza imani ya mtemi au ya Bunge, imekwisha. Neno linalobeba uzito ni hilo "au". Kisha mtemi anateua serikali ya mpito, ambayo inaweza kuendesha nchi nzima hadi miezi minne kabla ya kulazimika kusimama mbele ya Bunge na kuomba kura ya imani. Miezi minne, ndugu zangu, chini ya watu ambao hakuna mbunge aliyewapigia kura. Na cha ajabu, mtemi huyo huyo akitaka kulivunja Bunge, katiba inamtaka awe na sababu nzito na aitaje. Kuiangusha serikali hakudai sababu yoyote.

Najua litakalokuja: mbona tangu 2003 hajaitumia? Ni kweli, hakuna serikali iliyoangushwa kwa njia hiyo. Lakini mimi siogopi siku itakapotumika. Kinachonisumbua ni kazi inayofanywa na haki hiyo kila siku bila kutumika. Mkuu wa serikali anapoandaa muswada, anajua ngome ya mtemi iko juu ya mlima na yeye yuko chini mjini Vaduz, na kwamba aliye juu anaweza kumaliza uongozi wake kwa tamko moja. Mtu wa namna hiyo hujipima kabla hajasema. Wapiga kura hawataona kamwe muswada ambao haukuandikwa.

Kuonyesha kwamba sibuni hofu, turudi tarehe 28 Oktoba 1992. Liechtenstein ilikuwa inaamua kujiunga na Eneo la Uchumi la Ulaya. Uswisi, ambayo ina umoja wa forodha na Liechtenstein tangu miaka ya 1920, ilikuwa ipige kura yake tarehe 6 Desemba. Mtemi Hans-Adam II alitaka Liechtenstein ipige kura kabla ya Uswisi, ionekane inaamua yenyewe. Serikali ya Hans Brunhart na Bunge walitaka kusubiri matokeo ya jirani. Ni ubishi wa tarehe tu, jambo ambalo serikali yoyote inapaswa kuweza kulipanga. Mtemi akatishia kuiondoa serikali na kulivunja Bunge. Watu wapatao 2,000 walikusanyika mbele ya jengo la serikali Vaduz. Kwa nchi ambayo wakati ule haikufikia watu 30,000, huo ni umati wa kihistoria. Mazungumzo yakaendelea siku hiyo hiyo hadi maafikiano yakapatikana: kura ingepigwa tarehe 13 Desemba, baada ya Uswisi, na kwa upande wake serikali ingeunga mkono kujiunga. Uswisi ilikataa. Wiki moja baadaye Liechtenstein ilikubali kwa asilimia karibu 56.

Angalieni basi nani alikuwa sahihi kuhusu tarehe. Wananchi walipiga kura baada ya Uswisi na bado wakaamua kivyao. Hofu ya mtemi haikuwa na msingi, na kwa hofu hiyo alikuwa tayari kuangusha serikali iliyokaa madarakani tangu 1978.

Mkasa huo una mkia. Naibu mkuu wa serikali wakati ule aliitwa Herbert Wille. Baadaye akawa rais wa mahakama ya utawala. Februari 1995 alitoa mhadhara wa kitaaluma akasema kwamba mahakama ya katiba inaweza kuamua pale mtemi na Bunge wanapotofautiana juu ya maana ya katiba. Mtemi alimwandikia barua akisema hatamteua tena kwenye wadhifa wowote wa umma, na 1997 Bunge lilipompendekeza aendelee, mtemi akakataa. Wille alikwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 1999 mahakama ikaamua kwamba uhuru wake wa maoni ulikiukwa. Jaji aliadhibiwa kwa kusema kwamba majaji wanaweza kuamua! Badala ya hukumu hiyo kuipunguza nguvu ngome, miaka minne baadaye katiba ikaiongezea.

Karibuni.

MDAU WA MOMBASA

Ndugu yangu, umeandika vizuri ila umewaruka wenye nchi. Machi 2003 waliulizwa: mnayakubali mapendekezo ya mtemi? Asilimia 64 wakasema ndiyo. Julai 2012 wakaulizwa tena kama kura yake ya turufu isiweze kupinga jambo ambalo wananchi wamelipitisha. Asilimia 76 wakasema hapana, aachwe nayo. Hawa si watu waliofungwa midomo. Wana mabenki, wana viwanda, magazeti wanasoma, na kura za maoni wanapiga mara kwa mara kuliko nchi nyingi duniani.

Tena katiba hiyo hiyo unayoilaumu iliwapa ibara ya 113. Wananchi 1,500 wakitia saini, mchakato wa kuufuta utemi wote unaanza, na mtemi hawezi kuupinga. Nitajie mfalme mwingine aliyewapa raia wake ufunguo wa kumtoa nje ya nyumba. Na hata manispaa zake 11 zina haki ya kujitenga. Mtu akikupa mlango wa kutokea na wewe ukachagua kubaki, huwezi kusema umelazimishwa.

Mimi naona wewe unawatakia demokrasia ambayo wenyewe hawakuiomba.

MLETA MADA

Nashukuru kaka, hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote na sitaki kuipita juu juu.

Kwanza hiyo kura ya 2003. Mtemi alisema wazi kwamba mapendekezo yake yakikataliwa, yeye na familia yake watahamia Austria. Kwa nchi ambayo jina lake ni jina la familia hiyo, na ambayo benki yake kubwa ni mali ya familia hiyo, ile haikuwa kura juu ya ibara ya 80. Ilikuwa kura juu ya kubaki au kuondoka kwa familia ya mtemi. Mwaka 2012 yalirudi kwa sura nyingine: mrithi Alois, anayetekeleza majukumu ya mtemi tangu Agosti 2004, alisema asingeendelea na kazi ya kisiasa kama turufu yake ingebanwa. Mpiga kura hakupewa nafasi ya kusema, "nakupenda, baki, ila punguza hili moja."

Pili, na hapa naomba usome polepole, huo mlango unaousifu una mwiko ndani yake. Wananchi wanaweza kuufuta utemi wote bila idhini ya mtemi. Lakini wakitaka kubadilisha ibara ya 80 peke yake, au ibara nyingine yoyote inayompa mamlaka, mabadiliko hayo yanahitaji saini yake. Yaani kuvunja nyumba nzima unaruhusiwa, kurekebisha dirisha uombe kibali kwa yule asiyetaka dirisha liguswe. Watu wanaoupenda utemi, nao ni wengi sana, hawatauvunja. Basi wamebaki na kila kitu kama kilivyo. Kuwaambia "mngetaka mngeufuta" si jibu kwa mtu ambaye hataki kuufuta.

Ibara ya 13 nayo ina kifungu kinachowaruhusu raia 1,500 kuanzisha kura ya kutokuwa na imani na mtemi. Kura ikipita, matokeo yanapelekwa kwa nani? Kwa familia ya mtemi, iamue kwa sheria za ukoo wake. Linganisha na mkuu wa serikali: yeye akipoteza imani ya mtemi hapelekwi kwa ukoo wake wala kwa chama chake. Anakusanya vitu vyake.

MDAU WA ST. GALLEN

Habari za huko wote. Naishi Uswisi upande wa mashariki, mto Rhine ukivuka tu uko Liechtenstein, na kwa miaka kadhaa nimefanya kazi na watu wa kule. Kuna basi namba 11 linalotoka Sargans likapita Vaduz na Schaan hadi Feldkirch ya Austria, unavuka nchi nzima kabla hujamaliza gazeti. Nataka niwaelezeni kidogo watu wenyewe wanavyoliona, maana mleta mada anaandika kama vile wanatetemeka.

Hawatetemeki. Tarehe 15 Agosti, sikukuu yao ya taifa, watu wanapanda hadi kwenye nyasi za kando ya ngome, wazee na watoto, wengine na nguo za asili. Mrithi Alois anahutubia, na kiongozi wa Bunge naye anahutubia, hapo hapo, kwa watu wale wale. Jioni fataki. Niliyesimama naye, mama mtu mzima, aliniambia kwamba wanasiasa anawajua wote tangu wakiwa shule, na ndiyo sababu anamtaka mtu mmoja asiyekuwa wa chama.

Hiyo ndiyo hoja ambayo mtu wa mbali haioni. Katika nchi ya watu 40,000 kila mtu ni binamu wa mtu. Vyama viwili, VU na FBP, vilitawala pamoja kwa serikali ya mseto kuanzia 1938 hadi 1997, karibu miaka sitini. Hata sasa vina wabunge 17 kati ya 25 na vimeunda serikali pamoja. Bunge gani hapo litaikemea serikali? Wanaokemea na wanaokemewa wanakula Jumapili meza moja. Mtemi yuko nje ya undugu huo.

Na historia inamtetea. Mwaka 1928 benki ya akiba ya taifa iliingizwa kwenye biashara za ulaghai ikapata hasara iliyotishia kuifilisi nchi. Mtemi Johann II ndiye aliyeilazimisha serikali ya Gustav Schädler kujiuzulu. Bunge la wakati huo lilikuwa la chama cha Schädler mwenyewe. Bila ngome, nani angemtoa?

MLETA MADA

Dada yangu, asante sana, na ulichokisema juu ya undugu wa nchi ndogo nakichukua kwa uzito wote. Sikusudii kuwachora kama watu wenye hofu. Hofu ninayoizungumzia ni ya ofisi moja tu, ya mkuu wa serikali.

Mfano wa 1928 ni mzuri, tena ni bora kuliko wowote ulio upande wenu. Lakini tuumalize. Schädler alipoondoka Juni, ndugu wa ukoo wa mtemi, Alfred, alikaimu ukuu wa serikali kwa wiki kadhaa. Hapo unaona serikali ya mpito ya ibara ya 80 ikiwa na mzazi wake. Kilichoiokoa hali isiharibike ni kwamba Bunge lilivunjwa na uchaguzi ukafanyika Julai, wiki chache baadaye. Wapiga kura wenyewe wakakipa ushindi FBP, na Josef Hoop akaingia akakaa hadi 1945. Kwa hiyo somo ninalolipata mimi ni hili: mtemi alivuta kengele, wananchi wakatoa hukumu. Ibara ya leo haidai uchaguzi wowote. Inadai tu kwamba ndani ya miezi minne serikali ya mpito ikaombe imani kwa Bunge lile lile.

Na nikupe mifano miwili ya karibu zaidi inayoonyesha kwamba undugu hauwazuii kuwajibishana. Mwaka 1993 mkuu wa serikali Markus Büchel hakumaliza hata mwaka. Chama chake mwenyewe, FBP, kilimkataa, Bunge likampigia kura ya kutokuwa na imani Septemba, mtemi akalivunja Bunge, na Oktoba wananchi wakapiga kura. VU wakashinda, Mario Frick akashika nafasi hiyo Desemba akiwa na miaka 28. Waliomwangusha Büchel walikuwa jamaa zake wa chama.

Mfano wa pili ni wa 2019. Waziri wa mambo ya nje Aurelia Frick alibanwa bungeni juu ya fedha zilizolipwa washauri wa nje, na juu ya kukataa kwake kujibu maswali. Bunge likamnyima imani. Alois alikubaliana na Bunge, na waziri akatoka. Kwa nini makubaliano yalihitajika? Kwa sababu ibara ya 80 inasema waziri mmoja mmoja haondolewi ila mtemi na Bunge wakubaliane.

Tulieni hapo kidogo. Waziri mmoja analindwa na makubaliano ya pande mbili. Serikali nzima, pamoja na mkuu wake, inaweza kuangushwa na upande mmoja. Dada, hata ukikubali kila ulichosema kuhusu mtemi kuwa mwangalizi aliye nje ya undugu, tofauti hiyo unaielezaje?

MWANASHERIA WA NAIROBI

Nimesoma kimya hadi hapo, sasa nachangia kwa upande wa sheria linganishi, maana kuna majirani wa kuwatazama.

Luxembourg nayo ni nchi ndogo ya kifalme na ukuu wa serikali ni kiti kikubwa huko. Jean-Claude Juncker alikikalia kuanzia 1995 hadi 2013. Desemba 2008 Grand Duke Henri alisema dhamiri yake haimruhusu kuidhinisha sheria ya kumsaidia mgonjwa mahututi kufa. Juncker na chama chake hawakuipenda sheria hiyo, lakini Bunge lilikuwa limeiamua. Walichofanya ni kubadilisha katiba haraka: tangu hapo Grand Duke haidhinishi sheria, anaitangaza tu. Kiti cha enzi kikabaki na heshima yake. Ubelgiji mwaka 1990 Mfalme Baudouin alipokwama kwenye sheria ya utoaji mimba, serikali ya Wilfried Martens ilitangaza kwamba mfalme hawezi kutawala kwa muda, ikatia saini yenyewe, na mfalme akarudishwa karibu mara moja.

Kwenye suala hilo hilo Liechtenstein ilikwenda njia tofauti kabisa. Agosti 2011, kabla ya kura ya maoni juu ya kuhalalisha utoaji mimba, Alois alisema mapema kwamba hata ikipita hataidhinisha. Kura ilipigwa Septemba na pendekezo likashindwa kwa tofauti ndogo, kama asilimia 52 dhidi ya 48. Haiwezekani kujua wangapi walikaa nyumbani kwa sababu jibu lilikwisha kutolewa. Kwa hiyo ninapomsikia mleta mada akisema nguvu hufanya kazi bila kutumika, nakubaliana naye, na ushahidi uko upande wa turufu kuliko upande wa ibara ya 80.

Ila haki itendeke. Liechtenstein si mbaya kuliko wote. Monaco, waziri wa nchi anayeongoza serikali anateuliwa na mtawala na anawajibika kwake peke yake. Bunge haliwezi kumwondoa. Kwa miongo mingi alilazimika kuwa Mfaransa, na ingawa mkataba uliofuata unaruhusu raia wa Monaco, nafasi imeendelea kushikwa na Wafaransa. Ukiwa Monaco, hata hilo "au" la ibara ya 80 ni ndoto.

Kamisheni ya Venice, jopo la wataalamu wa katiba la Baraza la Ulaya, iliyapitia mapendekezo ya Hans-Adam Desemba 2002 na kuonya kwamba yanairudisha nchi nyuma. Onyo hilo lilijulikana kabla ya kura. Hoja ya mdau wa Mombasa kwamba wananchi walijua walichokichagua bado ina nguvu kwangu.

MDAU WA MOMBASA

Ahsante mwanasheria kwa kunipa nusu yangu.

Mleta mada, nikujibu hilo la waziri mmoja na serikali nzima. Serikali nzima ikigombana na mtemi, kazi imesimama: kila sheria inataka saini ya mtemi na saini ya mkuu wa serikali pamoja. Mmoja asipotia saini, hakuna sheria. Ukisema wasubiri makubaliano, unaweza kusubiri mwaka. Lazima pawe na njia ya kukata mzizi. Waziri mmoja akikorofisha, nchi haisimami.

Na hilo la kuhama kwenda Austria, mimi silioni kama tishio. Mtu ana haki ya kusema masharti anayoweza kufanya nayo kazi. Huyu haishi kwa kodi za wananchi kama wafalme wengine, ana mali ya ukoo wake. Amesema: nikiwa hapa nataka niwe na kazi ya kweli, kama hamtaki nitakwenda kwetu. Ni maneno ya mtu mkweli kuliko mfalme anayekaa ikulu analipwa kwa kutofanya lolote.

MLETA MADA

Kaka, mkwamo ni hoja halali. Ndiyo maana tangu mwanzo nilisema "au ifungwe na kura ya wananchi". Niiweke kwa vipimo. Mtemi akipoteza imani na serikali, aseme sababu kwa maandishi bungeni. Bunge likikubaliana naye, serikali imekwisha siku hiyo. Bunge likikataa, mtemi alivunje na uchaguzi ufanyike, kama 1928, kama 1993. Serikali iliyopo iendelee na shughuli za kawaida hadi uchaguzi, asiletwe mtu mwingine. Mzizi unakatwa, ila anayeukata ni mpiga kura.

Kuhusu mali, mimi nalitazama kwa jicho jingine. Mtawala asiyehitaji fedha za Bunge hana pale Bunge linapoweza kumshika. Kwingine wabunge wakigombana na mfalme wana bajeti mkononi. Hapa hawana. Kwa hiyo mkweli au si mkweli, wa kumzuia ni katiba peke yake.

Nami sisemi hili kwa chuki na ukoo ule. Franz Josef II alihamia Vaduz 1938, mtemi wa kwanza kuishi huko moja kwa moja, na nchi ilivuka Vita ya Pili ya Dunia salama. Lakini hata yeye, mwaka 1943, aliongeza muda wa Bunge kwa amri ya dharura bila uchaguzi. Huenda kwa wakati ule ilikuwa busara. Kinachonigusa ni kwamba busara hiyo ilitegemea mtu mmoja, na wajukuu wake na wajukuu wa wajukuu watarithi kalamu ile ile bila mtu kuwapima.

MDAU WA ST. GALLEN

Pendekezo lako la uchaguzi naona hata yule mama wa kwenye nyasi angelikubali. Hajawahi kunitajia ibara ya 80, alichotaka ni mtu asiyekuwa wa chama. Huyo angebaki.

Ila nani atalipeleka? VU na FBP hawatagusa. Mario Frick alivutana na mtemi juu ya katiba, chama chake kikashindwa uchaguzi wa 2001, na katiba ikapita chini ya Otmar Hasler wa FBP. Vyama viliona.

MWANASHERIA WA NAIROBI

Tupige hesabu basi. Kubadilisha katiba bungeni kunataka wote waliohudhuria wakubali, au robo tatu yao katika vikao viwili mfululizo. Wakiwepo wote 25, robo tatu ni 19. Uchaguzi wa Februari 2025 uliipa VU viti 10, FBP 7, DpL 6 na Orodha Huru 2. Vyama viwili vya serikali vina 17. Wakiongezwa wawili wa Orodha Huru, chama ambacho kimekosoa mamlaka ya mtemi kwa miaka mingi, ni 19 kamili, bila hata mmoja wa kupungua. Au wananchi 1,500 watie saini, jambo lipigiwe kura moja kwa moja.

MDAU WA MOMBASA

Na mtemi akikataa kutia saini?

MLETA MADA

Ana miezi sita. Ikipita bila saini yake, hoja imekufa.

Lakini itakuwa imekufa baada ya robo tatu ya Bunge, au wananchi wengi, kusema kwamba serikali iangushwe kwa sababu na kwa kura. Hajawahi kuulizwa swali hilo likiwa peke yake, bila turufu, bila utoaji mimba, bila Austria. Mimi nataka aulizwe hilo tu, na ajibu mbele ya wale wale anaowahutubia tarehe 15 Agosti. Nani anaona sababu ya kutomuuliza?